Treni Mpya na Mizani ya Pamba

Bariadi haina reli. Ukitaka kusikia honi ya treni ndani ya mkoa wa Simiyu, inabidi uiache Bariadi, upite Maswa mjini, uteremke hadi Malampaka, pale reli inapoukata mkoa pembeni na kuendelea na safari yake ya Mwanza. Reli hiyo ina umri mkubwa kuliko mkoa wenyewe. Waingereza waliifikisha Mwanza kutoka Tabora mwaka 1928. Simiyu ilizaliwa mwaka 2012, kwa kumega sehemu za Shinyanga na Mwanza. Kwa miaka mingi uhusiano wetu na treni ulikuwa uhusiano wa marobota. Pamba ilichambuliwa viwandani, ikafungwa, ikapakiwa kwenye malori na kupelekwa Malampaka. Kutoka hapo ilikwenda Dar es Salaam, na kutoka Dar ilikwenda mahali ambapo wakulima wengi hawakuwahi kupaona.

Sasa reli nyingine inakuja. Juni 14, 2021, Rais Samia Suluhu Hassan aliweka jiwe la msingi la kipande cha reli ya kisasa kati ya Mwanza na Isaka, kilomita 341 ukihesabu na njia za kupishania, na Malampaka imo katika njia hiyo. Vijana wa rika langu wanaongea juu ya siku watakayopanda treni ya umeme Malampaka na kulala Dar siku hiyohiyo. Nami naisubiri. Lakini kwa kuwa ninasoma shahada ya uzamili ya historia, nina tabia ya kuuliza jambo linalowachosha wenzangu: treni mpya zilizowahi kuletwa nchini kwetu zilifanyaje kazi? Zilipoharibika, ziliharibika kwa sababu gani? Na nani alikuwa na mamlaka ya kusema, kabla hazijapokewa, kwamba hii haifai?

Swali la mwisho ndilo linalonivutia zaidi, kwa sababu watu wa ukanda wa pamba walilijibu zamani, kwa upande wa bidhaa yao wenyewe.

Mkulima wa pamba wa Bariadi, Itilima au Meatu anajua maana ya kukaguliwa. Akifika kwenye kituo cha kununulia, pamba yake hufunguliwa, mkono huingizwa katikati, si juu tu. Iliyo nyeupe na kavu ni daraja la kwanza. Iliyobadilika rangi, yenye uchafu au iliyonyeshewa ni fifi, na bei yake ni ya fifi. Ikikutwa na mchanga au imemwagiwa maji ili iongeze uzito, inarudishwa, na mwenye nayo anarudi nayo nyumbani mbele ya majirani. Hakuna anayemwambia karani wa chama kwamba kukagua ni kukosa uzalendo. Kila mtu kwenye foleni anaelewa kwamba robota moja lenye mchanga linaharibu jina la pamba ya wilaya nzima.

Lakini kulikuwa na wakati ambapo ukaguzi ulikwenda upande mmoja tu. Katika miaka ya 1940 na mwanzoni mwa 1950, mkulima wa Usukuma alipeleka pamba kwa mfanyabiashara aliyekuwa na mambo matatu mkononi: pesa, mizani, na neno la mwisho juu ya mizani hiyo. Malalamiko ya wizi wa kilo yalienea kanda yote ya ziwa. Wakulima hawakuanza kwa kudai kiwanda wala benki. Walianza kwa kudai kusoma mizani. Waliweka watu wao wenyewe wa kuhakiki uzito pale pamba ilipokuwa inanunuliwa. Kutokana na hatua hiyo, ambayo kwa nje ilionekana ndogo, vikazaliwa vyama vya msingi, na vyama hivyo vikaungana mwaka 1955 katika shirikisho lililojulikana kama Victoria Federation of Co-operative Unions, chini ya uongozi wa Paul Bomani. Lilikuja kuwa moja ya mashirika makubwa kabisa ya ushirika barani Afrika. Mzizi wake ulikuwa swali la mtu aliyesimama mbele ya mizani: nani anapima, na kwa niaba ya nani?

Nimelichukua swali hilo, nikaenda nalo kwenye reli.

Tuanze na TAZARA, kwa sababu ndiyo treni mpya iliyobeba matumaini makubwa kuliko zote katika karne iliyopita. Reli ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa msaada wa China, ikakabidhiwa rasmi mwaka 1976. Kila kitu kilikuwa kipya: mataruma, stesheni, mabehewa, vichwa. Vichwa vya njia kuu vilikuwa vya aina ya DFH2, vya dizeli, ambavyo nguvu ya injini hufikishwa kwenye magurudumu kwa mgandamizo wa mafuta badala ya umeme. Kwenye tambarare ya Kilombero vilijitahidi. Shida ilianza pale reli inapoacha bonde na kupanda, kati ya Mlimba na Makambako, kwenye vilima, mahandaki na kona kali. Huko vichwa vilichemka, vikaishiwa nguvu, vikalazimika kusaidiwa. Haikuchukua miaka mingi vichwa vingi vikawa vimelala karakana. Mwaka 1983 TAZARA ilipokea vichwa vingine kutoka Ujerumani Magharibi, vilivyotengenezwa na Krupp kwa muundo wa General Electric, na vile vya Kichina vikaanza kubadilishiwa injini.

Ni rahisi kulisimulia jambo hili kwa dharau, kwamba mali ya Mchina ni mali ya Mchina. Historia haikubali urahisi huo. Wachina walijenga madaraja na mahandaki ambayo treni zinapita hadi leo. Tatizo la vichwa lilikuwa ni kutokulingana: mashine ilichaguliwa kabla ya mlima kuulizwa unataka nini. Kichwa kinaweza kuwa kipya, kimetengenezwa kwa uaminifu, na bado kikawa kibovu kwa njia hiyo. Ndiyo maana upya peke yake hausemi lolote kuhusu ubora. Pamba nayo huwa mpya ikitoka shambani, na nyingine ni fifi.

Hilo ni somo la kwanza. La pili lina huzuni, na ninaliandika kwa uzito wake. Asubuhi ya Juni 24, 2002, treni ya abiria iliyokuwa imetoka Dar es Salaam ilikuwa inapanda mwinuko katika eneo la Igandu, mkoani Dodoma. Ikasimama. Breki hazikuishika. Ikaanza kurudi nyuma, ikaongeza kasi kadiri ilivyoteremka, hadi ikagongana na treni ya mizigo iliyokuwa nyuma yake. Watu 281 walikufa. Katika ukanda wetu, ambako treni ya Mwanza ndiyo iliyokuwa njia ya maskini kufika Dar, habari hiyo haikuwa ya mbali. Mjomba wangu mmoja, aliyekuwa akisafiri daraja la tatu kutokea Malampaka, husema kwamba baada ya mwaka huo alikuwa akishuka kila treni iliposimama mlimani, anasimama kando ya reli, anasubiri mpaka isogee mbele ndipo arukie. Hakuwa fundi. Alikuwa amejitengenezea ukaguzi wake mwenyewe, wa miguu na macho, kwa sababu hakuona mwingine wa kuutegemea.

Treni ile haikuwa mpya. Naitaja kwa sababu inatukumbusha tunazungumzia nini tunaposema ubora wa treni. Viti vinavyolegea na vyoo vinavyovuja vinaudhi, na si vibaya kuvilalamikia. Lakini chini ya sakafu ya behewa kuna mabomba ya hewa ya breki, vali, chemchemi na bolti ambazo abiria hazioni, na hizo ndizo zinazoamua kama atafika. Abiria hawezi kuingiza mkono katikati ya robota. Lazima mtu mwingine auingize kwa niaba yake.

Mtu huyo ni nani? Mwaka 2007 Serikali ilijibu kwamba ni mwekezaji. Reli ya kati ilikodishwa kwa miaka 25 kwa kampuni ya RITES kutoka India, iliyochukua asilimia 51 ya hisa katika kampuni mpya ya TRL. Serikali ikabaki na 49. Mwekezaji alileta vichwa na mabehewa kutoka India kwa mtindo wa kukodi. Tazama jinsi mizani ilivyowekwa hapo: kampuni inayoendesha reli ilikuwa inakodi vifaa kutoka nchi ya mbia wake mkubwa. Aliyekuwa anapokea na aliyekuwa anakabidhi walikaa upande mmoja wa meza. Wafanyakazi walilalamika kuhusu uchakavu wa vifaa na kuhusu mishahara, migomo ikafuatana, na mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yakaing'oa reli maeneo ya Kilosa. Kufikia mwaka 2011 mkataba ulikuwa umekufa na hisa zote zimerudi serikalini. Safari ya miaka 25 ilikwisha kabla ya mwaka wa tano.

Kisha ukaja mwaka 2015. Mwezi Aprili ilizinduliwa treni ya Deluxe kwenda Kigoma, ikiwa na mabehewa mapya ya abiria, na kwa siku chache magazeti yalijaa picha za viti vya kuvutia. Mwezi huohuo Waziri wa Uchukuzi, Samuel Sitta, aliwasimamisha kazi vigogo wa TRL kwa sababu ya mabehewa mengine mapya: mabehewa ya mizigo 274 yaliyonunuliwa kutoka kampuni ya Kihindi, ambayo mengi yalibainika kuwa na kasoro baada ya kuwasili. Neno "mabehewa mabovu" likaingia bungeni na vijiweni. Abiria na mizigo si kitu kimoja, lakini reli ni ileile, karakana ni ileile, na meza ya kupokelea ni ileile. Jambo la kuangalia ni mfuatano wa matukio. Kwanza yalilipiwa, kisha yakapakuliwa bandarini, kisha yakaingia njiani, ndipo ikagundulika kwamba hayafai. Fikiria karani wa chama anayemlipa mkulima, anapakia pamba kwenye lori, anaifikisha kiwandani, kisha huko ndiko anafungua gunia kuona kama kuna mchanga.

Reli ya kisasa ilianza baada ya haya yote, na kwa haki yake lazima isemwe kwamba ilianza kwa kujifunza baadhi ya mambo. Rais John Magufuli aliweka jiwe la msingi la kipande cha Dar es Salaam hadi Morogoro Aprili 12, 2017, na ilitarajiwa kukamilika mwaka 2019. Huduma ya abiria ikaanza Juni 14, 2024 hadi Morogoro, Julai 25 hadi Dodoma, na uzinduzi rasmi ukafanyika Agosti 1. Sehemu ya miaka hiyo ya kuchelewa ilitokana na ujenzi. Sehemu nyingine ilitokana na jambo ambalo mtu wa kawaida angedhani ndilo rahisi: kupata treni zenyewe. Reli ilikuwa imelala chini, nyaya ziko juu, na cha kupita katikati hakipo.

Mwaka 2021 mikataba ilisainiwa na makampuni ya Korea Kusini: Hyundai Rotem kwa vichwa 17 vya umeme na seti 10 za treni zinazojiendesha bila kichwa cha kuvuta, na Sung Shin kwa mabehewa 59 ya abiria. Pembeni yalikuwepo pia mabehewa ya ghorofa yaliyokarabatiwa Ujerumani. Mchanganyiko huu wa mapya na yaliyokarabatiwa ulizua kelele. Mabehewa ya kwanza yalipoteremshwa bandarini mwishoni mwa mwaka 2022, mitandao ilijaa watu wanaopanua picha kutafuta kutu, wakiuliza kama ni mapya au ni mitumba. Shirika la Reli, TRC, likalazimika kueleza. Aprili 2023, baada ya ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kukosoa namna manunuzi ya shirika yalivyofanyika, Rais Samia akaivunja bodi ya TRC.

Kelele ya mitumba ilikuwa na haki ndani yake, ila ilikosea kipimo. Nairobi ilinunua treni za dizeli zilizokwisha kutumika katika kisiwa cha Mallorca, Hispania, na zikaanza kubeba wafanyakazi wa jiji mwaka 2020. Mtumba unaweza kufanya kazi ukiwa umekaguliwa, vipuri vyake vinapatikana, na bei yake ni ya mtumba. Kipya kinaweza kuwa kimeo. Kinachofaa kuulizwa ni kama kilicholetwa ndicho kilichoandikwa kwenye mkataba, na kama aliyekipokea alikuwa na ujuzi na ujasiri wa kukikataa.

Huduma ilipoanza, treni zilijaa. Nimekutana na watu wa Bariadi waliopanda basi hadi Dodoma ili tu waingie SGR kwenda Dar, na wanasimulia kama waliorudi kuhiji. Lakini katika wiki za mwanzo treni ilisimama njiani kwa hitilafu ya umeme, na taarifa ya shirika ikataja ngedere na bundi kuwa miongoni mwa waliosababisha. Nchi nzima ilicheka. Tulitengeneza vichekesho vya kutosha kujaza behewa.

Tukishacheka, tuelewe. Nyaya za reli ile zinabeba umeme wa volti 25,000. Mnyama akigusa waya huku anagusa nguzo, umeme unapita mwilini mwake kwenda ardhini, na mitambo ya ulinzi hukata umeme wa kipande kizima ili kuzuia madhara makubwa zaidi. Kwa maana hiyo, treni kusimama ilikuwa ni mfumo kufanya kazi yake. Ni jambo linalotokea kwenye reli za umeme za nchi nyingi, na lina dawa zake: vizuizi kwenye nguzo, kukata matawi, kuweka vikinga kwenye maeneo ambayo wanyama wanapita. Swali la haki kumuuliza msimamizi linahusu mbuga na misitu ya Kilosa, ambayo ilikuwepo kabla ya nyaya. Je, ngedere alikuwemo kwenye michoro? Ni swali la TAZARA limerudi kwa sura nyingine: kabla ya kuchagua mashine, je, mlima uliulizwa? Je, msitu uliulizwa?

Kuna jambo jingine ambalo mafundi wanalijua na wanasiasa hawapendi kulisema siku ya kukata utepe. Mashine nyingi huharibika zaidi mwanzoni na mwishoni mwa maisha yake. Katikati hutulia. Miezi ya kwanza ndiyo inayotoa kasoro za kiwandani: mlango ambao kompyuta yake inadhani uko wazi wakati umefungwa, bolti iliyokazwa vibaya, feni inayoshindwa na vumbi la nchi ambayo mtengenezaji hakuwahi kuikanyaga. Ndiyo maana treni inapaswa kuendeshwa maelfu ya kilomita bila abiria, ikiwa imebebeshwa uzito wa bandia, kabla mtoto wa mtu hajakaa ndani. Na ndiyo maana mkataba mzuri una kipindi cha uangalizi ambacho kila kasoro inaandikwa na mtengenezaji anairekebisha kwa gharama zake. Treni iliyoharibika mwezi wa pili haimaanishi tumeibiwa. Kasoro isiyoandikwa popote ndiyo inayopaswa kututisha, kwa sababu siku ya kudai dhamana hakuna karatasi.

Nchi tajiri nazo zinauziwa vimeo. Desemba 2012 Uholanzi na Ubelgiji zilizindua treni za kasi zilizoitwa Fyra, kutoka kampuni ya AnsaldoBreda ya Italia. Zilikuwa zimechelewa kwa miaka. Baridi ya kwanza ilipopiga, zikaanza kuharibika ovyo, na kipande cha chini ya treni kikadondoka njiani. Katikati ya Januari 2013, wiki chache tu tangu kuzinduliwa, ziliondolewa. Baadaye mwaka huo nchi zote mbili zikaamua kuzikataa kabisa, na treni zikarudi Italia kwa mtengenezaji. Aibu ilikuwa kubwa, bunge la Uholanzi likafanya uchunguzi wake. Lakini mizani ilikuwa mikononi mwa mpokeaji, na robota lilirudi.

Afrika Kusini haikuwahi mapema hivyo. Mwaka 2013 shirika lake la treni za abiria, PRASA, liliingia mkataba wa vichwa 70 kupitia kampuni ya Swifambo, vitengenezwe Hispania na Vossloh. Vilipofika vya kwanza, vikiitwa Afro 4000, ikaelezwa kwamba ni virefu kwenda juu kupita kiwango cha baadhi ya njia za nchi hiyo. Vilikuja 13. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ikaufuta mkataba kwa sababu zabuni yenyewe ilikuwa imechezewa. Mabilioni ya randi yalikuwa yamekwisha kulipwa. Ukiziweka hadithi hizi mbili pamoja utaona kwamba ubovu wa chuma mara nyingi huanzia kwenye karatasi. Kichwa kirefu kupita njia si kosa la mchomeleaji wa kiwandani. Ni kosa la mtu aliyeweka sahihi bila kupima, au aliyelipwa ili asipime.

Kuna watakaosema kwamba ninapoandika hivi ninawapa silaha wanaotaka reli yetu ishindwe. Nimesikia hoja hiyo kwenye semina na kwenye basi la Lamadi, kwa maneno yanayofanana. Jibu langu linatoka kwenye pamba. Wakulima wa miaka ya 1950 waliodai kuhakiki mizani hawakuwa wanaichukia pamba. Ilikuwa ada ya shule, ilikuwa ng'ombe wa mahari, ilikuwa bati la nyumba. Walikagua kwa sababu ilikuwa mali yao. Treni ya umeme inalipiwa na kodi na mikopo ambayo rika langu litailipa hadi tuwe na wajukuu. Asiyekagua mali yake huenda hajaamini kwamba ni yake.

Lakini historia ya mizani haina mwisho mtamu, na si haki niifiche. Shirikisho lililozaliwa kwa sababu ya wizi wa kilo lilikuja kulalamikiwa na wakulima walewale. Mwaka 1966 Serikali iliunda kamati ya kuchunguza vyama vya ushirika, na yaliyobainika yalikuwa machungu: ubadhirifu, ajira za kindugu, mkulima kukatwa huku na kule mpaka anabaki na kidogo. Uongozi ukaondolewa mikononi mwa waliochaguliwa, na mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa nchi nzima. Mizani ilikuwa imehama kutoka kwa mfanyabiashara kwenda kwa chama, lakini mkulima akawa tena yuleyule anayesimama mbali, asiyeona namba.

Somo hilo ndilo ninalolibeba kwenda kwenye reli. Haitoshi kusema mkaguzi yupo. Tunaye Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu, na ripoti zake zimetusaidia kujua mengi niliyoyaandika hapa, lakini kwa kawaida yake yeye hufika baada ya pesa kutoka. Tunayo mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, LATRA, tangu mwaka 2019, yenye jukumu la usalama wa reli. Tunao wahandisi wa Kitanzania wanaotumwa viwandani Korea kuangalia mabehewa kabla ya kupakiwa melini. Kinachokosekana ni namba kuonekana na aliye kwenye foleni. Treni hii ilifanyiwa majaribio ya kilomita ngapi kabla ya kubeba watu? Kasoro ngapi ziliandikwa siku ya mapokezi, na ngapi zimefungwa? Kwa wastani inakwenda kilomita ngapi kabla ya kuharibika, na mwezi huu ni bora kuliko mwezi uliopita? Nchi kadhaa huchapisha takwimu za namna hiyo kama sisi tunavyotangaza bei elekezi ya pamba. Hazimwaibishi mwendeshaji aliye makini. Zinamlinda, kwa sababu siku ngedere akikata umeme, wananchi watakuwa na mahali pa kuona kwamba ni tukio moja katika mengi mema, au kwamba ni la kumi mwezi huu.

Siku moja reli ya kisasa itafika Malampaka. Nina hakika tutaimba, ngoma za Wagika na Wagalu zitatoka, na watoto wa shule watapangwa juani na bendera ndogo. Itakuja treni ya mchongoko, kama watu walivyoipachika jina kwa ajili ya pua yake, inang'aa, na kila mwenye simu ataiinua juu. Katika umati huo kutakuwa na wazee ambao mikono yao imeshika pamba kwa miaka hamsini, wanaoweza kujua unyevu kwa kuibana kidogo kwenye kiganja. Ningependa siku hiyo, kabla ya utepe kukatwa, mtu asimame jukwaani asome hati ya mapokezi kwa sauti: imejaribiwa hivi, ina kasoro hizi, zimerekebishwa hizi, zimebaki hizi, na dhamana inaisha tarehe fulani. Wazee wale wataelewa kila neno. Wamewahi kusimama mbele ya mizani, na wanajua kwamba pamba njema haiogopi kufunguliwa.